Upepo Ambao Hakuna Aliyeukumbuka: Namna Pwani ya Cabo Delgado Ilivyojifunza Kujiandaa na Maafa

Lugha yetu ina methali mbili zinazovutana juu ya jambo moja. Ya kwanza husema, "Ajali haina kinga." Ya pili hutuagiza, "Tahadhari kabla ya hatari." Mwanafunzi makini huuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ya kweli, na mara nyingi sisi walimu humjibu upesi kwamba kila methali ina mahali pake, kisha tukaendelea na somo. Katika makala haya napenda kulijibu swali hilo polepole, kwa kuitazama historia ya majirani zetu walio ng'ambo ya mto Ruvuma, katika pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji.

Pwani hiyo huanzia mdomoni mwa Ruvuma, ikapita Palma, mji ambao zamani uliitwa Tungi, ikashuka hadi Mocímboa da Praia, kisha Macomia na Quissanga. Mbele yake baharini vimetapakaa visiwa vya Kirimba, na kimojawapo ni Ibo, kisiwa chenye ngome iliyojengwa mwaka 1791 na kilichokuwa makao makuu ya eneo lote hilo kabla ya utawala kuhamia mji tunaouita leo Pemba. Wakazi wengi wa ufuo huo ni Wamwani. Kwetu neno mwani ni majani ya baharini. Kwao ni ufuo wenyewe, na Wamwani ni watu wa pwani. Lugha yao, Kimwani, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Pamoja nao wamo Wamakonde, Wamakua, na huko Palma wamo wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Yaliyowapata watu hawa, kwa hiyo, hayakutokea mbali nasi.

Jioni ya tarehe 25 Aprili 2019

Siku hiyo kimbunga kilichopewa jina la Kenneth, baada ya kupita kaskazini mwa Ngazija usiku wa kuamkia, kilitua nchi kavu kaskazini ya mji wa Pemba. Upepo wake ulikadiriwa kufikia kilomita 220 kwa saa. Nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa kwa makuti au nyasi, hazikuweza kustahimili nguvu hiyo. Maofisa waliofika Ibo walieleza kwamba karibu nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa zimebomoka. Macomia na Quissanga ziliharibiwa vibaya. Watu 45 walipoteza maisha nchini Msumbiji, na wengine katika visiwa vya Komoro.

Majuma sita tu kabla ya hapo, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi, kimbunga Idai kilikuwa kimeupiga mji wa Beira, katikati ya nchi, na kuua zaidi ya watu 600 ndani ya Msumbiji. Haikuwa imewahi kurekodiwa kwamba vimbunga viwili vyenye nguvu kiasi hicho viliipiga nchi hiyo katika msimu mmoja. Tena, tangu setilaiti zianze kuitazama Bahari ya Hindi, hakukuwa na kumbukumbu ya kimbunga chenye nguvu kama hicho kutua kaskazini kiasi hicho. Njia ya kawaida ya vimbunga vya mlango wa bahari wa Msumbiji iko kusini zaidi. Mzee wa Ibo aliyeambiwa siku ile kwamba upepo wa kung'oa minazi unakuja, angeweza kujibu kwa haki kabisa: mimi sijauona, baba yangu hakuuona, wala babu yangu hakunisimulia.

Hapo ndipo ugumu wa kujiandaa na maafa unapoanzia. Binadamu hujiandaa kwa lile analolikumbuka. Mvuvi anaujua kaskazi na anaujua kusi. Anajua mwezi gani avute ngalawa yake juu, na wingu gani limrudishe nyumbani. Elimu hiyo ni ya thamani kubwa, nayo imekusanywa kwa vizazi vingi. Lakini jambo linalokuja mara moja katika miaka sitini au mia halimo ndani yake, kwa sababu aliyeliona amekwisha kufa kabla ya mjukuu wake kulihitaji.

Aprili tatu

Je, ni kweli kwamba upepo huo haukuwahi kufika katika pwani yetu? Historia inasema vingine. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Merikebu zilizama bandarini, zikiwemo za Sultani Barghash, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho ikaangushwa. Kisiwa cha Pemba cha Zanzibar kwa sehemu kubwa kilinusurika, na tangu hapo kikashika nafasi ya kwanza katika zao la karafuu. Hivyo ramani ya uchumi wa Zanzibar tuliyosoma shuleni ilichorwa kwa sehemu na upepo wa siku moja.

Miaka themanini baadaye, katika mwezi uleule wa Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kilitua Lindi, kusini mwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Msumbiji, na kuua watu. Kisha Aprili 2019 akaja Kenneth. Tukivipanga vimbunga hivi vitatu pamoja tunaona jambo ambalo hatuwezi kuliona tukivitazama kimojakimoja: vyote vilikuja mwezi wa Aprili, mwishoni mwa msimu, wakati kaskazi inaagana na pwani na kusi haijakomaa. Ni wakati ambao watu huhesabu kwamba msimu wa hatari umekwisha. Mifano mitatu haitoshi kuwa kanuni ya sayansi, na tutaona hapa chini kwamba kimbunga kingine kilikuja mwezi wa Desemba. Hata hivyo inatosha kutuonya kwamba maneno "haijawahi kutokea" mara nyingi humaanisha tu "hatukuandika" au "hatukusimuliana".

Somo lililonunuliwa kwa gharama kubwa

Msumbiji haikuingia katika mwaka 2019 mikono mitupu. Mwezi wa Februari na Machi mwaka 2000, mvua kubwa na kimbunga Eline vilisababisha mito ya kusini, hasa Limpopo na Save, kufurika kupita kiasi. Watu wapatao 700 walikufa. Dunia nzima iliona picha za watu waliokaa siku kadhaa juu ya mapaa na matawi wakisubiri helikopta, na habari za mama aliyejifungua mtoto juu ya mti. Taasisi ya taifa ya kusimamia majanga, iliyojulikana kwa kifupi cha Kireno INGC, ilikuwa imeundwa mwaka 1999 tu, na maji yaliikuta bado changa.

Baada ya msiba huo viongozi na wananchi walitambua kwamba helikopta haiwezi kuwa mpango. Helikopta hutoka mbali, hufika ikiwa imechelewa, na huchukua watu wachache. Anayeweza kumwokoa mtu katika saa ya kwanza ni jirani yake. Kutokana na fikra hiyo zikaanzishwa kamati za vijiji za kusimamia hatari ya maafa. Kila kamati huwa na wajumbe wa kujitolea, kwa kawaida kati ya 15 na 18, wanawake kwa wanaume, wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Wamegawana kazi: wako wanaosikiliza redio na kupokea tahadhari, wako wanaopita nyumba kwa nyumba, wako wanaojua wazee na wagonjwa wanaishi wapi, wako wa huduma ya kwanza, na wako wa kusimamia makazi ya muda. Vifaa vyao ni vya kawaida: redio, baiskeli, kipaza sauti cha mkononi, filimbi, tochi, makoti ya mvua, majembe na bendera.

Bendera hizo zina lugha yake. Ikipandishwa ya buluu, watu wajue kwamba kimbunga kinaweza kufika baada ya saa 24 hadi 48. Ikipandishwa ya njano, kinaweza kufika ndani ya saa 24. Ikipandishwa nyekundu, zimebaki saa 6 au pungufu, na kila mtu anapaswa kuwa mahali salama. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba asiyejua kusoma anausoma, na asiyejua Kireno anauelewa.

Katika bonde la mto Búzi, mkoani Sofala, wanavijiji wa juu ya mto walifundishwa kusoma kipimo cha maji na cha mvua kila siku, na kuwapasha habari kwa redio ya upepo wenzao walioko chini ya mto. Maji hutembea, lakini habari hutembea upesi zaidi. Mwaka 2006 serikali ilipitisha mpango mkuu wa kuzuia na kupunguza majanga. Mwaka uliofuata mto Zambezi ulifurika, na zaidi ya watu laki moja wakahamishwa kutoka mabondeni. Waliokufa walihesabika kwa makumi, wala si kwa mamia kama mwaka 2000. Mito ni tofauti na mafuriko hayalingani, kwa hiyo hatuwezi kuzipima namba hizo kwa mizani moja. Lakini hapana shaka kwamba kuna watu walioishi kwa sababu mtu fulani aligonga mlango wao mapema.

Mwaka 2014 Msumbiji ilitunga sheria yake ya kwanza ya kusimamia majanga, na mwaka 2020, baada ya Idai na Kenneth, ikaibadilisha kwa sheria mpya. Taasisi nayo ikabadilishwa jina: kutoka INGC, taasisi ya kusimamia majanga, ikawa INGD, taasisi ya kusimamia na kupunguza hatari ya maafa. Kwetu tunaofundisha lugha, badiliko hilo la jina lina maana. Kusimamia janga ni kazi inayoanza baada ya janga kutokea. Kupunguza hatari ni kazi ya siku ambayo jua linawaka na hakuna dalili ya wingu.

Mtihani wa Kenneth

Turudi sasa kaskazini. Kabla Kenneth hajatua, watu wapatao 30,000 walihamishwa kutoka maeneo ya hatari. Msiba wa Idai ulikuwa bado mbichi, na bila shaka ulisaidia kuwashawishi waliosita. Ukilinganisha nguvu ya upepo ule na idadi ya nyumba zilizoanguka, makumi ya maelfu, vifo 45 ni vingi kwa kila familia iliyofiwa, lakini ni vichache kuliko ambavyo vingeweza kuwa. Eneo hilo pia halina watu wengi kama Beira. Ni haki kuyataja yote mawili.

Mtihani huo ulionyesha pia mapengo. Pengo la kwanza ni kwamba maandalizi yalielekezwa kwenye upepo, ilhali upepo ulikuwa mwanzo tu. Ulipotulia, mvua iliendelea kunyesha kwa siku kadhaa. Mitaa ya mji wa Pemba, kama vile Natite, ilifurika. Barabara na madaraja yalikatika, na misaada ikashindwa kufika Macomia na Quissanga. Mwanzoni mwa mwezi Mei kipindupindu kikatangazwa, na ikabidi kampeni ya chanjo ifanywe kwa haraka. Kamati iliyojiandaa kwa siku moja ya upepo ililazimika kufanya kazi kwa majuma.

Pengo la pili lilikuwa katika nyumba zenyewe. Kumhamisha mtu ni kuokoa maisha yake. Lakini akirudi akakuta hakuna paa, hakuna mbegu wala chombo cha kuvulia, amenusurika mauti ili akutane na njaa. Aprili ni wakati wa kuvuna, na mazao mengi yalikuwa bado mashambani. Ndiyo maana mpango wa kijiji hauwezi kuwa bendera peke yake. Unagusa namna paa linavyofungwa kwenye nguzo, mahali pa kuhifadhi mbegu, mahali pa kuvutia vyombo, na hali ya mikoko inayotukinga na mawimbi. Mikoko ya Kirimba imo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2002, lakini mlinzi wake wa kila siku ni mwanakijiji mwenye shoka, anayeamua kukata au kutokata.

Tahadhari kwa lugha gani?

Pengo la tatu linatuhusu sana sisi watu wa lugha. Lugha rasmi ya Msumbiji ni Kireno, na ndiyo lugha ya taarifa za serikali. Lakini katika vijiji vya Cabo Delgado ni watu wachache ambao Kireno ni lugha yao ya kwanza. Mama wa Quissanga huota kwa Kimwani au Kimakua, na ndoto mbaya humwamsha kwa lugha hiyohiyo. Tahadhari inayotoka mjini kwa Kireno inapaswa kupita kinywani mwa mjumbe wa kamati kabla ya kuwa tahadhari kweli. Yeye ndiye anayeamua kama "kilomita 220 kwa saa" zitabaki kuwa namba, au zitageuka kuwa maneno yanayoeleweka: upepo huu utang'oa mnazi, utabeba bati na kulifanya panga, usibaki ndani ya nyumba ya udongo.

Zaidi ya lugha kuna imani. Mfano wa kusikitisha ulitokea katika mkoa jirani wa Nampula, tarehe 7 Aprili 2024. Kulikuwa na uvumi juu ya kipindupindu katika eneo la Lunga. Watu waliojawa na hofu walijazana katika chombo cha uvuvi wakikimbilia Kisiwa cha Msumbiji. Chombo hicho kilizama, na watu karibu 100 wakafa, wengi wao watoto. Hawakuuawa na kipindupindu wala na dhoruba. Waliuawa na habari ya uongo iliyokwenda mbio kuliko habari ya kweli. Pale ambapo hakuna sauti inayoaminika, hata nia njema ya kujiokoa huwa hatari.

Hapa tunaona kwa nini wajumbe wa kamati wanapaswa kuwa watu wa kijiji chenyewe, na kwa nini imamu, mwenye chombo, mkunga na mwalimu wanafaa kuwamo. Imani haiwezi kuagizwa kutoka mjini siku ya bendera nyekundu. Hujengwa katika siku za kawaida, kwa mambo madogo, kama vile kusema ukweli kuhusu mgawo wa chakula.

Kamati iliyotawanywa

Sasa tufike kwenye jambo lililo gumu zaidi. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia Mocímboa da Praia, pwani hii imekuwa katika vita. Kenneth aliikuta tayari katika hali hiyo, na ndani ya majuma machache baada ya kimbunga vijiji vilikuwa vikishambuliwa tena. Mwezi Machi 2020 Mocímboa da Praia na Quissanga zilivamiwa, na mwezi Mei ikawa zamu ya Macomia. Kuanzia Agosti 2020 Mocímboa ilikaa mikononi mwa wapiganaji kwa mwaka mzima. Machi 2021 Palma nayo ikashambuliwa. Mamia ya maelfu ya watu waliyaacha makazi yao. Wengine walifika kwa madau katika ufuo wa Paquitequete, Pemba. Wengine walitembea hadi Metuge, Ancuabe, Chiúre na Montepuez.

Fikiria kamati ya kijiji kimoja cha Macomia katika hali hiyo. Mwenye redio yuko Pemba kwa shemeji yake. Aliyejua nyumba za wagonjwa yuko kambini. Wa huduma ya kwanza hajulikani alipo. Shule iliyokuwa kimbilio imechomwa. Bendera tatu zimebaki katika nyumba isiyo na mlango. Hata wanaorudi wana swali jipya: zamani kukusanyika mahali pamoja usiku kulikuwa usalama, leo je? Vita havikuharibu nyumba tu. Vilivunja ule mtandao wa watu wanaofahamiana ambao ndio mpango wenyewe.

Tarehe 15 Desemba 2024, kimbunga Chido, baada ya kuiangamiza Mayotte siku moja kabla, kilitua wilaya ya Mecúfi, kusini mwa mji wa Pemba. Nchini Msumbiji waliokufa walifikia 120, wengi wao katika Cabo Delgado. Idadi hiyo ni zaidi ya mara mbili ya wale wa Kenneth. Sitaki kudai kwamba vita peke yake ndivyo vilivyoleta tofauti hiyo, kwa maana kila kimbunga kina njia yake. Mecúfi yenyewe haikuwa kitovu cha mapigano. Lakini kusini hiyo ya mkoa ndiko walikokimbilia wengi, nao waliishi katika vibanda vya miti na maturubai, katika ardhi wasiyoijua, miongoni mwa majirani wapya. Mtu aliyejua kilima cha usalama kijijini kwake hajui kilima cha kambini. Anayepanga kupunguza hatari katika pwani hii hana budi kuanza na swali hili: kamati inaundwaje upya na watu waliohama, na je, waliohama wana viti ndani yake?

Kumbukumbu ya watu wa Simeulue

Ili tuone kumbukumbu inaweza kufanya nini, tuvuke Bahari ya Hindi hadi upande wake wa mashariki. Katika Indonesia kuna kisiwa kiitwacho Simeulue. Mwaka 1907 tetemeko la ardhi lilifuatiwa na wimbi kubwa la bahari lililoua watu wengi kisiwani humo. Walionusurika hawakuwa na ofisi ya hali ya hewa wala king'ora. Walichokuwa nacho ni neno moja, smong, na masimulizi waliyowarithisha watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, usiokote samaki waliobaki mchangani, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilifanya hivyohivyo. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000, nacho kilikuwa karibu sana na kitovu cha tetemeko. Waliokufa ni 7. Wimbi lilelile lilivuka bahari na kuua watu hata Somalia, Kenya na Tanzania, ambako hatukuwa na neno kama hilo.

Bibi wa Simeulue walifanya kazi ya miaka 97 bila kulipwa. Walikubali kufundisha jambo ambalo wengi wao wasingeliona tena maishani mwao. Hiyo ndiyo kazi inayoikabili pwani yetu baada ya Kenneth. Mtoto wa Ibo aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2019 anaweza kuwa shahidi hadi mwaka 2090, ikiwa tu ataulizwa na kusikilizwa. Akinyamaza, mjukuu wake atasema tena: upepo wa namna hiyo haujawahi kufika hapa.

Upande wetu wa Ruvuma

Ndugu msomaji, haya si mambo ya jirani peke yake. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogelea pwani ya Tanzania. Kilipungua nguvu kabla ya kuifikia nchi kavu, lakini mvua zake zilikata barabara ya kusini katika eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam. Sheria yetu ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi za chini kabisa za utawala. Sheria, hata hivyo, haigongi milango usiku. Milango hugongwa na watu.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa kijiji au mtaa wako, simama uulize maswali machache. Wajumbe wa kamati yetu ya maafa ni akina nani, na mara ya mwisho walikutana lini? Nani anazijua nyumba za wasioweza kutembea? Tukiambiwa tuondoke, twende wapi, na je, mahali hapo pana maji na choo? Tahadhari itatufikia kwa njia gani umeme ukikatika? Wageni waliohamia kwetu mwaka huu wanajua lolote kati ya haya? Na shuleni, walimu wenzangu, tuwaagize wanafunzi wawahoji wazee: mafuriko makubwa yalifika wapi, upepo wa mwaka gani uling'oa miti ipi, watu walikimbilia wapi. Majibu yaandikwe katika daftari linalobaki shuleni mwanafunzi anapohitimu.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Aliyesema ajali haina kinga alisema kweli kuhusu upepo. Hakuna kijiji kilichomzuia Kenneth baharini, wala hakitakuwepo. Aliyesema tahadhari kabla ya hatari alisema kweli kuhusu watu. Kati ya upepo kutua na mtu kufa kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo mna bendera, paa lililofungwa vizuri, mkoko ambao haukukatwa, na jirani anayejua kwamba bibi wa nyumba ya tatu haoni vizuri usiku na lazima ashikwe mkono.